Mkwe Aliyesema na Kuku

Mama yangu alikuwa na rafiki mmoja ambaye wangeweza kuzungumza naye juu ya mahindi tangu asubuhi hadi saa ya kukamua jioni, na rafiki huyo alimpoteza kwa sababu nilimpenda. Sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana. Nilidhani upendo huongeza watu nyumbani.

Tulikuwa wageni katika shamba lile la karibu na Chekalini. Tulitoka Maragoli, ambako mashamba yamebanana hata ukirusha jembe linaangukia kwa jirani. Uhuru ulipokuja, mashamba makubwa ya Wazungu huku Lugari yalikatwakatwa, na baba akapewa kipande chenye mstari wa mikaratusi upande wa juu na josho la ng'ombe lililokauka upande wa chini. Tulihama kwa lori. Mama alikaa juu ya magunia, na mapajani, ndani ya leso yake nzuri ya kanisani, alikuwa amebeba mahindi ya mbegu, yale aliyoyatundika juu ya meko hadi moshi ukayapaka rangi ya chai. Baba alimwambia ayaweke chini ashikilie sufuria zisianguke.

"Sufuria zianguke," mama alisema. "Sufuria hununuliwa."

Mbegu ile aliipata kwa mama yake, naye aliipata kwa wake. Kila mavuno mama alipita shambani peke yake kabla ya mtu mwingine kugusa kitu. Alichagua mahindi yaliyojaa mpaka kwenye ncha, akayafunga kwa maganda yao mawili mawili, akayatundika. Hakuna aliyeruhusiwa kuyachagua isipokuwa yeye. Baba alikuwa akisema kwa mzaha kwamba mkewe aliwachagua watoto wake kwa haraka kuliko mbegu zake.

Baba hakuishi kuona shamba hilo likizaa. Kifua kilimchukua wakati wa baridi, na mama akabaki mwenye shamba.

Ndipo akaja bwana shamba. Alikuwa kijana wa upande wa Butere, mrefu, mwenye kaptura ya kaki na baiskeli iliyolia kama bata. Nyuma ya baiskeli alifunga mfuko wa mbegu mpya ambazo watu walianza kuziita haibridi. Mama alitia mkono ndani, akatoa punje chache, akazitazama. Zilikuwa nyekundu.

"Hii ni mbegu au ni peremende?"

"Ni mbegu, mama. Hiyo rangi ni dawa ya wadudu."

"Na mdudu asipokuja, hiyo dawa italiwa na nani?"

"Wewe usiile tu. Na kuku wasiile."

"Kwa hiyo umekuja kunitilia sumu shambani, na kwa sumu hiyo nikupe shukrani."

Alicheka, kijana yule, akavua viatu vyake, akavitundika kwenye usukani, akaingia matopeni na kamba. Mama alipomwona mtu wa serikali akivua viatu, alimwendea. Walibishana asubuhi nzima. Mwisho walikubaliana kugawa shamba: nusu yake, nusu ya mama. Nusu yake ilipandwa kwa kamba, kwa mistari iliyonyooka. Nusu ya mama ilipandwa kama nyanya yake alivyopanda, kwa hatua ya mguu na maelekeo ya jicho.

Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kupiga taipu mjini Kakamega, nikawa nyumbani nikingoja kazi. Mwisho wa pili wa kamba nilishika mimi. Ukishika kamba na mtu asubuhi nzima, unaanza kuhisi kila anapovuta na kila anapolegeza. Sina njia nyingine ya kueleza jinsi jambo letu lilivyoanza.

Mahindi ya nusu yake yalipofika mabegani, yale ya mama yalikuwa bado kiunoni. Mama hakununa. Nilimjua, nilidhani atanuna. Badala yake alianza kumngoja. Siku za zamu yake upande wetu alipika obusuma, ugali wa kwetu, mapema na mboga za kunde, na kijana yule alikula jikoni kwetu, karibu na meko, chini ya mahindi yaliyotundikwa, huku mama akimwuliza.

"Kwa nini mstari?"

"Ili jua lifike kila mahali, mama."

"Na kwa nini mbolea iwe kando ya mbegu, isiguse mbegu?"

"Ukimlisha mtoto pilipili siku ya kwanza, atakua?"

"Kwa nini hukuniambia hayo yote siku ya kwanza?"

"Mkulima ukimpa yote siku moja, hushika la mwisho tu," alimjibu. "La kupanda wakati wa kupanda. La kupalilia wakati wa kupalilia. La mavuno, tutakaa tena hapa."

Mama alimwita mwanangu. Hakuwa mtu wa kuwaita watu hivyo ovyo. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka na mtu mzima, na sasa nilikuwa nje nikiosha sufuria nikasikia kicheko chake kikitoka jikoni, kikubwa, bila aibu, juu ya jambo la panya na ghala.

Kisha mahindi yakaanza kukauka, na kabla hayajavunwa wajomba wa kijana yule na wazee wa kwao wakaja kwetu kuleta posa.

Baba mdogo ndiye aliyewapokea. Mambo yalikwenda vizuri. Ng'ombe wa kwanza wakaletwa, mmoja wao akiwa na mimba, na ikasemwa kwamba wa mwisho ataletwa siku ya kumvika mama blanketi. Watu wakala, wakaimba, wakaenda zao. Na kuanzia siku ile, kijana yule hakuweza tena kukanyaga ua wetu.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamume akishachumbia, yeye na mama mkwe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chini ya paa moja, hawapiti katika shamba moja. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina uzito kuliko mapenzi. Inalegea siku ya blanketi, baada ya ng'ombe wa mwisho, mama anapovishwa mbele ya watu na mkwe kupewa kuku wake. Kabla ya hapo, wakikutana njiani, mmoja lazima aingie porini. Nilimwona kwa macho yangu, njia ya kwenda soko la Matete, akijitupa kichakani pamoja na baiskeli yake na mfuko wa mbolea.

"Leo nimemwona bwana shamba anakagua siafu," jirani yetu alisema. Alikuwa mama mmoja mnene, mchekeshaji, shamba lake likipakana na letu. "Nikamwuliza, unatafutanga nini huko? Akasema, nyamaza mama, mkwe wangu anapita."

Sisi sote tulicheka. Mama pia alicheka, lakini alikiondoa kigoda kile alichokuwa akikalia kijana jikoni, akakiweka chini ya kitanda.

Kazi yake ilimtaka afike kwenye kila shamba la mpango wa haibridi. Letu ndilo shamba pekee asiloweza kuingia. Akabuni njia. Alisimama barabarani, nje ya ua wa mkonge, akashika baiskeli yake, akaanza kusema na kuku.

"Enyi kuku," aliita, "hamjambo? Mwambieni mwenye nyumba mahindi yasivunwe yakiwa na maji. Yatatiwa ukungu."

Mama, akiwa nyuma ya nyumba, akimpa mgongo, akajibu kwa sauti ya kutosha:

"Kuku, mwambieni huyo mgeni wa barabarani nimesikia. Mwambieni pia shati lake limeraruka kwapani, kama hana mtu wa kulishona."

"Kuku, semeni shati litashonwa na mtu akishaletwa kwangu."

Majirani walikuwa wakija kusikiliza. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, na nilimpenda zaidi kwa sababu hiyo. Lakini kuku wanaweza kubeba salamu na amri. Hawawezi kubeba swali. Mama hakuwahi tena kuuliza kwa nini. Huwezi kumwambia kuku aulize kwa nini, kisha angoje, kisha aulize tena mpaka uelewe. Na lile somo la mavuno, waliloahidiana wakiwa wamekaa karibu na meko, halikupata mahali pa kukaa.

Nusu ya haibridi ilizaa mahindi marefu kama mkono. Mama alitembea ndani yake peke yake, kama alivyozoea, kabla ya mtu kugusa kitu. Alichagua mazuri kuliko yote. Aliyafunga mawili mawili, akayatundika juu ya meko. Yale meupe ya kutoka Maragoli akayasogeza pembeni.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi. Ofisi ya kilimo mjini Kakamega ilihitaji mpiga taipu, nami nikakodi chumba karibu na barabara ya kwenda msituni. Sijui nieleze vipi furaha ile. Mashine ilikuwa yangu, meza ilikuwa yangu, mvua ya saa tisa ilipiga mabati juu yangu na vidole vyangu vikaipiga mashine, na nilihisi kwamba nchi mpya inaandikwa mle chumbani na mimi ndiye ninayeiandika. Wasichana tulikuwa wachache. Mkuu wa makarani alitwambia wazi kwamba mwaka ule mmoja wetu atapelekwa Nairobi kwenye kozi, na kwamba atakayeolewa kabla ya hapo asahau.

Mchumba wangu alikuja mjini kila mwisho wa mwezi kuleta ripoti. Tulitembea pamoja hadi pale miti mikubwa inapoanza, tukila mahindi ya kuchoma.

"Mama yako ametundika," aliniambia siku moja.

"Nani amekuambia?"

"Amewaambia kuku. Kwa maringo." Alikuwa anacheka, lakini si sana. "Mwambie asipande yale. Lazima anunue mapya. Haya mahindi wazazi wake walichaguliwa, mmoja huku, mmoja kule. Mtoto wa kwanza ana nguvu. Ukiwapanda watoto wake, kila mmoja anamfuata babu yake. Utapata shamba lenye vurugu."

"Hukuwaambia kuku?"

"Niliwaambia. Mama akajibu kwamba mbegu amechagua tangu mimi sijazaliwa."

Nilikwenda nyumbani Jumamosi iliyofuata, nikamweleza mama neno kwa neno. Alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Mbegu gani isiyozaa? Hiyo si mbegu, ni mgeni. Analala usiku mmoja anakwenda."

"Mama, ndivyo wanavyosema ofisini."

"Ofisini mnapanda nini?" Akapuliza makapi. "Mimi sikatai. Lakini mtu aniambie kwa nini. Wewe unajua kwa nini?"

Nilijaribu. Nilisema lile la babu. Likatoka mdomoni mwangu bila mifupa. Mimi ni mtoto aliyemzaa mwenyewe, aliyemfundisha kushika mwiko. Maneno yangu juu ya mahindi yalikuwa kama ya mtoto anayemweleza nyanya yake jinsi ya kuzaa.

"Angekuwa bado anakula hapa," mama alisema, akitazama mahali kilipokuwa kigoda, "ningemwuliza."

Niliporudi mjini nilimweleza mchumba wangu. Alifikiri, kisha akasema jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa katika habari hii. Alisema tuharakishe. Ng'ombe wa mwisho yuko kwa baba yake, blanketi ananunua kesho. Mama avishwe kabla ya mvua za kupanda, na siku ya pili yake atasimama uani na gunzi mkononi amweleze mpaka achoke.

Nilimwomba angoje kozi ipite.

"Mvua haingoji kozi," alisema.

"Ni miezi michache tu."

Akanitazama, akatabasamu, akaing'oa punje ya mwisho ya mahindi yake akanipa. Hakulisema tena. Wala sikuwa na ubaya wowote moyoni. Nilitaka vitu viwili, na vyote vilikuwa vizuri. Mama akapanda alichotundika. Alipanda kwa kamba, kwa mistari iliyonyooka, kama alivyofundishwa.

Mkuu wetu mpya alikuwa kijana wa pwani, msafi, mwenye haraka. Alikalia kiti kilichoachwa na Mzungu na alijua kwamba wako waliokuwa wakingoja alegee. Mahindi yalipoanza kuchanua akaamua kwenda Lugari mwenyewe kukagua mashamba ya mpango, akanichukua niandike atakayoyasema. Bwana shamba alitungoja Chekalini, akapanda gari nasi. Alinisalimu kama karani, nami nikamsalimu kama bwana shamba, na chini ya kiti kiatu chake kikagusa changu.

Tulipita mashamba mazuri. Mkuu alifurahi. Tulipokaribia mikaratusi niliona mahindi ya mama kutoka mbali. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya daftari. Lakini ndani ya mistari, mengine yalikuwa marefu kupita mtu, mengine yaliishia magotini, mengine yalichanua na mengine hayakuwa na dalili. Yalikuwa kama watoto wa madarasa mbalimbali waliosimamishwa foleni moja.

"Bwana," nikasema, "shamba hili ni la mama yangu."

"Mama wa kukuzaa?"

"Ndiyo. Na bwana shamba huyu ni mchumba wangu."

Mkuu akageuka, akacheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe tuko nyumbani. Mbona hamkusema mapema? Tungekuja na sukari."

"Hawezi kuingia, bwana. Kwetu mkwe haingii kwa mama mkwe mpaka..."

"Dada," alinikatiza, kwa upole, "leo hatukuja kama wakwe. Tumekuja kama serikali. Serikali haina mama mkwe."

Gari likasimama. Majirani walikuwa wamekusanyika, yule mama mnene mbele yao. Mkuu akauliza mwenye shamba yuko wapi.

"Amekwenda mtoni, bwana mkubwa," jirani alisema haraka.

"Na leso ile nyekundu katikati ya mahindi ni ya nani?"

Mkuu akamwambia bwana shamba aingie, amwite mkulima, amweleze kosa lake mbele ya wote, wapate kujifunza. Alisema bila ukali. Lilikuwa ombi la kawaida la kazi. Mchumba wangu alisimama penye pengo la mkonge, pale alipozoea kuegemeza baiskeli. Alivua kofia yake. Alinitazama, nami nilitazama penseli yangu. Kisha akaingia.

Mama alikuwa akirudi nyuma. Hatukumwona, lakini majani makavu ya chini yalisema alipo: chaka, chaka, chaka, mstari hadi mstari, naye mkwe wake akifuata polepole, akimwachia nafasi, akitumaini, nadhani, kwamba atapata pa kutokea. Hakukuwa na pa kutokea. Upande wa juu palikuwa na mikaratusi na ua wa mkonge uliofungamana. Sauti ikakoma. Tulipofika, mama alikuwa amesimama akitazama mkonge, ametupa leso kichwani ikamfunika mpaka kiunoni.

Kijana akaanza kusema na mgongo ule. Alisema chini chini.

"Usiseme na mgongo," mkuu alimwambia. "Hatasikia. Mwonyeshe mmea."

Mchumba wangu akang'oa mmea mmoja mfupi. Akaunyanyua. "Mama," alisema, na watu wakashusha macho, "mbegu hii uliihifadhi mwenyewe. Haibridi haihifadhiwi. Shamba hili ni mfano wa tusichotaka." Sauti yake ilikuwa ile ya baraza, ya kusikika mpaka nyuma. Nadhani aliitumia kwa sababu hakuwa na nyingine ya kutumia pale.

Mama aligeuka. Aliondoa leso kichwani, taratibu, akaikunja begani. Akamtazama usoni, kitu ambacho hakukifanya tangu siku ya posa, akautazama na mmea ule mkononi mwake, mizizi ikidondosha udongo.

"Nimesikia, bwana shamba," alisema.

Hakusema mwanangu. Hakusema mkwe. Alisema kama mkulima yeyote anavyomwambia mtu wa serikali ambaye kesho atakuwa mwingine. Kisha akatupita sote, nami pia, akaenda kuwafungia ndama.

Gari lilifika barabara kubwa. Bwana shamba tulikuwa tumemwacha. Alisema ana shamba jingine la kuona. "Kwetu," mkuu alisema hatimaye, "mkwe ni mtoto wa nyumba. Mama mkwe humpikia." Alikuwa ananiuliza kitu, nami nikaitia penseli mfukoni. Kesho yake nilipiga taipu ripoti ile. Nilipofika kwenye shamba la mama nilipiga kama nilivyopiga mengine.

Baba mdogo alisema hili lina dawa. Kondoo mmoja, wazee wawili, maneno machache, limekwisha. Mama hakupinga. Nilimletea mchumba wangu habari hiyo kwa furaha, tukasimama barazani pa ofisi huku mvua ikimwagika mbele yetu kama pazia.

"Mama hajakasirika," nilimwambia.

"Najua. Angekasirika ningemwomba radhi."

"Kuna kondoo."

"Kondoo ni wa mtu aliyejikwaa," alisema. "Mimi sikujikwaa. Nilitembea. Nilikuwa na nafasi ya kusimama penye kila mstari."

"Uliamrishwa."

"Ningekataa, ningefukuzwa. Nikafikiri, bila kazi nitakuoa na nini? Unaona? Niliingia kwa ajili yako."

"Na mimi nilikuomba ungoje ili..."

"Najua."

Nilitaka aseme kwamba atakuja na kondoo. Alikuwa ameivaa kofia yake ya kazi, akaivua, akaitazama ndani.

"Nikija kwenu nitakaa wapi?" aliuliza. "Mama yako alinipa kigoda kabla hajajua kwamba mimi ni nani. Sasa ameshajua."

Kazi ya siku ile ilimpendeza mkuu. Alimsifu mchumba wangu mbele ya wenzake kwa kutoogopa wala kupendelea, na kabla ya mwaka kwisha alipandishwa cheo, akapelekwa Ekero, kwenye miwa. Ng'ombe walirudishwa kwao, pamoja na yule ndama aliyezaliwa kwetu, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Mama alikuwa amemnywesha maziwa kwa mkono wake. Aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama pale mpaka vumbi likatulia. Mimi nilipelekwa Nairobi kwenye kozi. Nilifaulu.

Siku hizi bwana shamba wa upande ule ni mzee mmoja mwenye tumbo na watoto wengi. Anaingia jikoni kwa mama bila kubisha, anakula, anajibu kila swali, na mama hamwulizi mengi. Kila mwaka hununua mbegu mpya, nyekundu, kwenye duka la ushirika. Hupanda kwa kamba. Nyuma ya nyumba amebakiza mistari michache ya yale meupe ya Maragoli, na hayo ndiyo anayoyatundika.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita, baada ya kusikia kwamba yule wa Ekero ameoa, na kwamba mkewe ni mwalimu, na kwamba wana mtoto wa kike. Sikumwambia mama nimesikia. Naye hakuniambia, ingawa najua alisikia kabla yangu, kwa sababu jirani yetu mnene hakosi habari ya mtu. Tulikaa nje, mimi nikichambua mboga, yeye akiwarushia kuku punje. Alikuwa amenipa mgongo. Alirusha muda mrefu, kiganja baada ya kiganja, mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo.

"Enyi kuku," alisema.

Niliacha kuchambua.

"Mwambieni huyu karani kwamba yule kijana, mistari yake ilinyooka. Na mbegu, alisema kweli." Akarusha tena. Kuku walikuwa wakigombania, hawakuinua hata vichwa. "Mwambieni siku ile nilikuwa na neno jingine. Lilikuwa hapa mdomoni. Likatoka lile la bwana shamba."

Jogoo mmoja alipanda juu ya josho la zamani, akajikung'uta. Mikaratusi ilikuwa inanuka kama inavyonuka kabla ya mvua. Nilitaka kuinuka, nimzunguke, nimtazame usoni nimwulize ni neno gani, nami nilijua ni neno gani. Lakini alikuwa amechagua njia yake ya kuniambia, nayo haikuwa na nafasi ya swali.

"Kuku," nikasema, nikiwa na majani ya kunde mapajani, "mwambieni mama nimesikia."